Masaa Matatu Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Paa la ofisi linavuja palepale pa mwaka jana, juu ya printa, kwa hiyo printa imefunikwa plastiki kama bibi harusi. Wakili aliniita chumbani kwake akafunga mlango. Wakili akifunga mlango, ama unafukuzwa ama unaongezewa kazi. Nimeongezewa kazi.

Ofisi yetu inasaidia wanawake wenye kesi za nyumbani. Mmoja wao alituandikia barua kwa kompyuta ya mumewe. Aliifuta, lakini kompyuta haikuisahau, na mume akaikuta. "Sijui yuko wapi sasa," Wakili alisema, akazungushazungusha kalamu. "Nataka kitu mwanamke anatumbukiza kwenye mashine, anaandika, anatuma, anatoa, na mashine isikumbuke kitu."

Nikamwambia kitu hicho kipo. Ni sidii yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, na inajiwasha yenyewe. Kompyuta inaamka kutoka kwenye sidii, diski yake ya ndani inaachwa imelala, na ukizima yote uliyofanya yanayeyuka. Kompyuta zetu zote hapa ofisini zinaendeshwa hivyo tangu diski zao zife. Mimi ndiye niliyezitengenezea. Nusu nilijifunza kwenye kozi, nusu kwa kuharibu.

"Basi watengenezee na wao," akasema. "Iwe rahisi. Mikono ya atakayeitumia itakuwa inatetemeka."

Nimekuja nayo nyumbani hiyo mikono.

Jumatano, 5 Machi

Mwanangu Tonge anaota meno mawili kwa mpigo. Sikulala. Sidii zote nilizorekodi leo zimegoma kuwaka.

Jumamosi, 8 Machi

Wageni. Wifi yangu, dada yake Baba Tonge, alikuja na mumewe. Mama mkwe, anayekaa nasi na kunilelea Tonge nikiwa kazini, alipiga deki nyumba nzima, maana anakuja "mwanangu wa kuchagua". Ndivyo anavyomwita huyo mkwewe, mbele ya mwanawe wa kumzaa.

Shemeji ni mkaguzi wa mizani. Anazunguka masokoni na mawe yake ya shaba kwenye kasha la mbao, na akikuta mizani inapunja anaifungia. Ni mpole, hapandishi sauti. Kabla hajakaa alitazama saa yetu ya ukutani, akatazama ya mkononi mwake, akapanda kiti akairekebisha.

"Ilikuwa nyuma dakika nne," akasema.

Baba Tonge, ambaye ni mwokaji mikate na hana haraka na mtu, akacheka. "Shemeji, hapa mkate ndio saa. Ukiiva, kumekucha."

Wifi hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kiti, mikono ya blauzi imeshuka mpaka vidoleni, na fukuto hili. Nilipompa chai akaniuliza, "Wifi, siku hizi nepi zinakaukia sebuleni?"

"Zikigoma kukauka mvuani nifanyeje, wifi?"

Shemeji akatabasamu, na Wifi akainamisha macho. Maringo tu. Yeye ana vyumba vitatu na kompyuta, mimi nina nepi.

Jumanne, 11 Machi

Imewaka! Nimeiwasha na kuizima mpaka kidole kikauma. Ukiweka inakuja yenyewe, haiulizi maswali, inafungua ukurasa mmoja mweupe wa kuandikia na kitufe kimoja cha kutuma.

Wakili akauliza juu ya sidii tuandike nini. Nikasema "Mafunzo ya Kompyuta". Akatikisa kichwa. "Hayo mume atataka kuyaona. Andika 'Picha za Harusi'. Sijaona mwanamume anayezifungua mara ya pili."

Tulicheka sana. Kisha tukaacha kucheka wakati mmoja.

Atazigawa mwenyewe. Majina hanipi, na mimi siyatafuti.

Ijumaa, 14 Machi

Maneno ya kwanza yamerudi kutoka kwa wanaoitumia. Wakili ananisomea, nami natengeneza.

Mmoja anasema ikiwaka inapiga kengele. Niliipenda kengele ile. Nimeing'oa. Mwingine anasema mwanga wa skrini unatokeza chini ya mlango. Nimeufifisha, na ukurasa sasa ni wa kijivu. Mwingine anasema akizima, mashine inaitema sidii kwa kishindo, kama mtu amefungua droo. Sasa haitoki mpaka ibonyezwe.

Kila ninachokipunguza kinanionyesha chumba. Kengele: kuna mtu amelala karibu. Mwanga: kuna mtu anapita ukumbini. Nyumba hizo sijaingia hata moja, na nimeanza kuzijua kwa kupapasa.

Jumapili, 16 Machi

Mvua kutwa. Baba Tonge kaleta mikate iliyoungua. Tumeikwangua tukala.

Jumanne, 18 Machi

Leo Wakili hakunisomea, alinipa barua nisome mwenyewe, jina limekatwa. Huyu mwandishi huandika vipande vifupi, kama anayekula amesimama. Anasema saa inayoonekana kwenye skrini ya sidii iko mbele masaa matatu. Juzi alikuwa katikati ya maelezo yake, akaitazama, akaona ni wakati wa mumewe kuingia. Akazima. Maelezo yote yakapotea. Mumewe akaja baada ya masaa matatu, na muda wote huo yeye alikuwa amesimama jikoni akishikilia bomba la maji.

Nilijua chanzo. Ndani ya kila kompyuta kuna saa inayotembea hata mashine ikizimwa, kwa betri ndogo ya mviringo. Mfumo wa kawaida, ulio kwenye kompyuta nyingi za nyumbani, unaisoma saa ile kama saa ya hapa kwetu. Linux inaisoma kama saa moja ya dunia nzima, kisha inajumlisha masaa yetu matatu. Kwenye kompyuta za ofisi saa hizo mbili hazigombani, kwa kuwa hapa hakuna kingine zaidi ya Linux.

Nimemtengenezea dawa. Sidii ikishaunganishwa na intaneti inachukua saa sahihi huko, inaionyesha, na ikizimwa inaiandika kwenye ile saa ya ndani ili kesho isikosee tena. Nimejaribu kwenye mashine zote za ofisi. Saa imetulia kila mahali.

Sasa anaweza kuandika akijua ana muda gani.

Alhamisi, 20 Machi

Wakili amezikusanya sidii za zamani na kugawa mpya. Za zamani nimezikata kwa mkasi. Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi mpaka Mama mkwe akaniuliza nimeokota nini.

Jumatatu, 24 Machi

Umeme umekatika. Tonge amesema "ba". Miezi saba ya kunyonya, anasema "ba".

Jumamosi, 29 Machi

Tonge yuko mapajani, amelala, simwachi.

Asubuhi Baba Tonge alikuwa ametoka tu kazini, amelala chumbani. Mama mkwe alikwenda sokoni. Nikasikia hodi. Ni Shemeji, peke yake, ameloa, amekumbatia kitu kilichofungwa plastiki kama mtoto. Akakiweka mezani, akakifungua. Kompyuta yao.

"Shemeji," akasema, "wewe ndiye mtaalamu wa ukoo. Nisaidie. Mashine hii saa yake inarudi nyuma."

"Inarudi kiasi gani?"

"Masaa matatu."

Nilishukuru kwamba nilikuwa namfunga Tonge nepi, uso umeinama. Nikaendelea kufunga. Nadhani nilifunga mara mbili.

Akavuta kiti. "Mara ya kwanza nilisema umeme. Nikairekebisha. Juzi nimeikuta vilevile. Masaa matatu, hakuna dakika iliyopungua." Aliongea polepole, kama anayemweleza mwanafunzi. "Unajua kazi yangu. Mizani iliyochoka inadanganya ovyo, leo hivi, kesho vile. Inayodanganya kiasi kilekile kila siku, hiyo imeguswa na mtu."

"Wifi anasemaje?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Anasema haijui hata inawashwa wapi." Akatabasamu lile tabasamu la siku ya nepi. "Mimi nimemwamini."

Hapo ndipo nilipomwona Wifi amesimama jikoni kwake, ameshikilia bomba.

Maringo yale hayakuwa maringo. Alipouliza kuhusu nepi alikuwa anatafuta neno lolote la kusema ambalo mume angelipenda. Na mimi nikamjibu kwa meno.

"Ni betri," nikasema. Sauti ilitoka ya kawaida, namshukuru Mungu. "Ndani kuna betri ya saa. Ikichoka, saa inarudi."

"Kwa masaa matatu kamili?"

"Nyingine zinarudi mpaka mwaka uliopita, shemeji. Wewe una bahati."

Hakucheka. Nilifungua kasha la kompyuta mbele yake, nikachomoa betri, nikachomoa na ya mashine yangu ya majaribio pale pembeni, nikaiweka. Macho yake hayakubanduka vidoleni mwangu. Akaipanga saa mwenyewe, kwa kufuata ya mkononi.

Akiwa mlangoni akageuka. "Wewe si bado uko kwa yule wakili wa akina mama?"

"Nasafisha kompyuta tu."

"Vizuri." Akaifunga plastiki vizuri, kona kwa kona. "Betri tumebadilisha. Ikirudi nyuma tena, basi siyo betri."

Akaondoka na mvua yake.

Dawa yangu iliandika saa ya dunia ndani ya mashine yao, na mfumo wa kawaida ukaisoma kama ya hapa: masaa matatu nyuma. Wifi akiitumia sidii ile hata mara moja, amekwisha. Na mimi ndiye niliyeiandika.

Jumapili, 30 Machi

Simu ya Wifi inapokelewa na mumewe. Kwenda mwenyewe siwezi, atajiuliza jana betri, leo ziara.

Nilikwenda nyumbani kwa Wakili nimembeba Tonge. Hakunithibitishia jina lolote, ndivyo alivyo, hata mbele ya moto. Aliuliza tu, "Sidii zote za tarehe ishirini ziko hivyo?"

"Zote."

Akakaa chini. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Umeme, uliokatika tena asubuhi, uliporudi nikaondoa agizo lile la kuandika saa. Sasa sidii inaionyesha saa sahihi yenyewe, na ya mashine haiigusi. Lakini safari hii sikuiamini ofisi. Nilimwomba Baba Tonge anifungulie kompyuta ya kiwanda chao cha mikate, yenye mfumo wa kawaida. "Jumapili?" akasema. "Wakili wako hana kwao?" Akanipeleka. Nikawasha kwa sidii, nikaunganisha, nikazima, nikawasha ya kawaida. Saa haikusogea. Nikarudia mpaka akaniuliza kama nafunga ndoa na hiyo mashine. Sikumwambia. Angekwenda kumvunja mtu, na dada yake yumo mle ndani.

Imebaki kumfikishia. Nilimzunguka Mama mkwe jioni nzima. Namwogopa. Kila neno la nyumba hii humfikia mwanawe wa kuchagua. Mwishowe nikamwambia, kama mtu anayeongea na sufuria, "Mama, kesho ukienda kumwona Wifi, mpelekee hii. Ni picha za harusi yake, nimezisafisha."

Aliipokea sidii, akaigeuza, akaona uso wake ndani yake.

"Harusi yake haina picha," akasema. "Aliyepiga alikuwa mjomba wake, filamu ikaingia jua. Tulilia."

Mvua ikasema kwa niaba yangu.

"Mama Tonge. Hii kitu inamsaidia mwanangu au inamwumiza?"

"Inamsaidia, Mama. Ile aliyonayo ndiyo itakayomwumiza. Airudishe. Asiitumie tena, hata kidogo."

Akaanza kupanga nguo za Tonge mkobani, sidii katikati ya nepi. "Mikono mirefu wakati wa fukuto," akasema bila kuniangalia. "Mnadhani mimi sina macho. Nampigia makofi yule kijana kila akija, kwa sababu akiondoka hapa amefurahi, mwanangu analala salama siku hiyo. Hilo tu ndilo ninaloliweza."

Siku zote hizo nilimwona mama anayejipendekeza.

Kisha akasema lile nililoliogopa. "Nitakwenda na mtoto. Bibi mwenye mjukuu mgongoni haulizwi amefuata nini."

Nikasema hapana. Nikasema tena hapana. Kisha nikakumbuka bomba la maji. Nimemnyonyesha Tonge mpaka akanisukuma.

Jumatatu, 31 Machi

Wameondoka asubuhi. Mvua. Maziwa yananivuja kazini, blauzi imeloa. Jioni hawajarudi. Barabara ya chini imejaa maji, wanasema magari yamesimama. Baba Tonge anasema, "Wako kwa dada, hofu ya nini?" Ameenda kazini kukanda unga. Nimekaa na saa ya ukutani, ile aliyoirekebisha Shemeji. Inakwenda vizuri kabisa.

Jumanne, 1 Aprili

Wamerudi. Wote watatu.

Niliona kwanza mwamvuli, chini yake Mama mkwe na kichwa cha Tonge, nyuma yao Wifi, hana mkoba, hana chochote, kandambili tu. Nilimnyakua mwanangu nikamnusa kila mahali. Alinuka maziwa yaliyochacha, mpaka nywele.

Mama mkwe alisimulia akiwa anavua viatu. Alipofika jana, Wifi alikuwa amekaa sakafuni mbele ya kompyuta. Alikuwa ametoka kumalizia maelezo yake na kuyatuma, kwa sidii ile ya zamani. Kisha akaiwasha mashine kwa kawaida, aitazame, akaiona saa. Masaa matatu nyuma. Kuirekebisha anahitaji nywila ya mumewe, na mume alikuwa njiani.

"Akanionyesha saa," Mama mkwe akasema. "Mimi mambo ya saa za ndani ya kompyuta siyajui. Nikamwuliza, kitu hiki kikifa, saa inaonekana? Akasema haionekani. Nikamwuliza, kinakufa kwa nini? Akasema, kwa maji."

"Mama."

"Maji hayana kisingizio. Mtoto hanywi maji. Nikachukua chupa ya maziwa."

Alimmwagia Tonge kidogo, na yaliyobaki yote akaimwagia mashine, kwenye matundu ya juu, taratibu, kama anayemwagilia ua. Iliguna, ikazimika. Shemeji aliingia akakuta mama mkwe wake anapangusa meza na mjukuu amechafuka. "Mwanangu, nisamehe, mkono wa mtoto huyu hautulii." Shemeji aliitazama mashine. Akamtazama Tonge muda mrefu. Kisha akaigeuza saa ya mkononi mwake, na akasema kwa upole wake uleule, "Mtoto wa fundi."

Walilala huko kwa sababu ya mafuriko. Mama mkwe alilala kizingitini mwa chumba cha Wifi, akisema mgongo wake unataka sakafu. Asubuhi Shemeji alipokwenda kazini, Mama mkwe akamwambia binti yake vaa kandambili.

Wifi ameketi pale pale alipokaa ile siku. Nilimwekea chai. Mikono ya blauzi imepanda kidogo na hakuishusha.

"Wifi," nikasema, "nepi bado zinakaukia sebuleni."

Midomo ilimcheza. Kisha akalia, na mimi nikalia, na Tonge akatushangaa.

Alhamisi, 3 Aprili

Amekuja. Tulikuwa wanawake peke yetu, Baba Tonge kazini. Nilimkimbiza Wifi chumbani pamoja na Tonge, nikashika mwiko, sijui wa nini.

Mama mkwe alifungua mlango nusu. Mvua ilikuwa inampiga mgongoni.

"Mama, shikamoo. Nimekuja kumchukua mke wangu."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nikamwulize kama anakuja."

Akafunga mlango, akasukuma komeo. Akarudi kwenye kiti chake akaendelea kuchambua mchele. Hakwenda kumwuliza mtu. Nasi tukasikiliza. Shemeji alibisha mara moja tu. Hakupiga kelele, hakutukana. Alisimama. Ningependa apige kelele. Kimya chake kilikuwa kimeegemea mlango, nikakisikia mgongoni.

Mvua ilipopungua, viatu vyake viliondoka, hatua moja moja, zilizolingana.

Baba Tonge tumemwambia usiku huohuo. Alikaa na unga kwenye nyusi. Kisha akalihamisha kabati, akaliweka nyuma ya mlango.

Jumamosi, 12 Aprili

Maelezo ya Wifi yako kwa hakimu, yote, mpaka nukta ya mwisho. Shemeji amezuiwa kukaribia mtaa wetu. Kabati bado liko mlangoni, tunapita kwa ubavu.

Sidii za tarehe ishirini zinarudi. Wakili anazileta mezani kwangu moja moja, nazikata. Wanawake wawili walikuwa wamekwisha kuulizwa kuhusu saa. Mmoja alisema ni umeme. Wa pili amelazwa hospitali, dada yake akimwuguza, na si kwa ugonjwa. Wakili alisema hilo la pili akiwa amenipa kisogo.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua imekatika. Nepi zimekaukia nje.

Wifi anakuja nami ofisini. Tumepata kompyuta ya zamani yenye mfumo wa kawaida, na kazi yake ni hiyo moja: anawasha kwa sidii, anaandika upuuzi, anatuma, anazima, kisha anaiwasha kwa kawaida na kutazama saa. "Haijasogea," ananiambia, kila mara, hata nisipouliza. Sidii yoyote haitoki mpaka yeye aseme hivyo.

Zote zimerudi, isipokuwa moja. Aliyenayo hajaandika tangu mwisho wa Machi. Nilimwomba Wakili aniambie anakaa wapi, niende hata kuuza mandazi mlangoni kwake. Akasema tukienda kumtafuta, ndipo tutamfichua. Tungoje.

Basi tunangoja. Kitufe cha kupokea barua ninakibonyeza, hakuna kitu. Nyuma yangu nasikia mashine ikizimwa, kimya, bila kengele, bila kishindo, kisha ikiwashwa.

"Haijasogea," Wifi anasema.

Nabonyeza tena.